Namba za Mbali kwenye Mteremko wa Kiambere

Juzi nilirudisha kofia, mkanda na jaketi ya kung'aa kwenye stoo ya kituo. Karani aliigeuza jaketi mbele na nyuma kana kwamba nilikuwa nimeiazima kuendea harusi. Baadaye vijana wa trafiki walinipikia chai, wakakata keki, na mmoja wao akasimama akasema, "Sajini Kathure, tuachie basi maarifa kidogo kabla hujaenda kulima." Nilisema mawili matatu ya kuwachekesha, nikaketi. Kusema kweli nilikuwa na la kusema, ila si la kusemwa kwa watu wenye keki mdomoni. Ndilo hili ninaloandika sasa, nyumbani, kuku wakinichungulia mlangoni.

Vyeo nitaviruka. Vilikuja polepole kama mvua ya Mbeere, na vingine havikufika. Nataka kuwaambia juu ya namba za magari, hasa magari yaliyo mbali na kwao, kwa sababu kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Nilipoanza trafiki nilipangwa Meru mjini, upande wa Kinoru, chini ya Koplo Mutisya. Alikuwa Mkamba mwembamba, njiti ya kiberiti haimtoki mdomoni kutwa nzima. Asubuhi ya kwanza nilisimama barabarani kama tulivyofundishwa chuoni, kifua mbele, macho kwenye nyuso za madereva. Akanivuta kando.

"Unamwangalia nini huyo?"

"Uso, afande. Naona kama ana wasiwasi."

"Kila mtu akiona polisi ana wasiwasi. Hata padri. Angalia namba kwanza. Uso utauangalia baadaye."

Basi nikaanza kujifunza namba. Zetu za Kenya hazisemi gari limetoka wapi, lakini husema lina umri gani, na hilo pekee linatosha kukufungua macho gari kuukuu linapopita na namba ya juzijuzi. Za Uganda zinaanza na U, za Tanzania na T, za Rwanda na R. Za mabalozi ni nyekundu, na wenyewe huwa wanataka usimamishe dunia wapite. Magari ya kaunti yana namba ya kaunti yake mwanzoni, kwa hiyo la kaunti ya mbali likionekana Meru Jumamosi, limefungwa riboni, unajua kazi ya umma imefika hadi kanisani. Mutisya alikuwa akizisoma zikiwa bado kwenye kona, mimi nikiwa sijaona hata rangi ya gari. Nilidhani ni macho. Ilikuwa ni mazoea tu, nanyi mtayapata.

Siku moja pikapu ilikuja kutoka upande wa Maua, imejaa vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Mutisya aliisimamisha, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tazama skrubu." Skrubu zilizoshika namba zilikuwa zinameta. Gari zima limeoga vumbi, mahali pamoja tu pamesafishwa. Dereva alikuwa ametulia, anatabasamu, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya koti lililolala kwenye kiti cha pili, na haukutoka. Mutisya akaegemea mlango akaanza kumuuliza habari za mvua ya Igembe, kama ndengu zimeshika, kama miraa imepanda bei. Aliuliza kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka yoyote. Huku mkono wake ukaingia dirishani, ukazima injini, ukatoka na ufunguo. Nilikuwa nimesimama upande ule wa pili, bunduki mgongoni, nikijua kwamba mkono ule wa chini ya koti ukitoka na kitu, mimi ndiye niliye karibu. Dereva alimtazama Mutisya, akanitazama mimi, kisha akautoa mkono polepole, mtupu. Chini ya koti kulikuwa na panga. Pikapu ilikuwa ya mkulima wa Nkubu, aliyevamiwa shambani kwake akanyang'anywa.

Mambo yalipoisha nilikaa chini kando ya barabara. Mutisya aliniletea soda. "Hiyo ndiyo nusu ya kazi," akasema. "Hiyo nusu wanaipenda, wataiweka kwenye redio. Nusu ya pili hutaisikia popote."

Nusu ya pili niliiona siku ya mechi, uwanja wa Kinoru umejaa na barabara imefungana. Katikati ya watu kulikuwa na gari dogo jeupe lenye namba yenye herufi nisizozijua, moja kama mtu aliyeinua mikono. Ilikuwa ya Ethiopia, imeteremka kwa barabara ya Moyale. Watu walikuwa wameanza kulizunguka. Mmoja anasema ni majasusi, mwingine anasema ni wauza watoto, kwa sababu nyuma kulikuwa na mtoto amelala hajisogezi. Walianza kupiga bodi kwa viganja. Dereva alikuwa amefunga vioo, na mkewe alikuwa akilia bila sauti. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuuliza, "Mmebeba nini?" Mutisya akapita mbele yangu, akainama dirishani, akaonyesha kwa mkono barabara ya mbele, akainua nyusi: mnaenda wapi? Yule baba akaelewa. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, akamwonyesha mtoto, akatikisa mkono kama mtu aliyeungua. Walikuwa wanatafuta hospitali. Tulitembea mbele ya gari lile kwa miguu, tukisukuma watu, mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa na malaria kali. Alipona.

"Gari likiwa mbali na kwao," Mutisya aliniambia jioni ile, "usianze na umebeba nini. Anza na unaenda wapi. Mwizi utamjua kwa jibu lake. Na mgeni utamsaidia kabla hajaumia."

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwa amelisimulia kwa mtu. Kabla ya Meru alifanya kazi Mbeere, na kwenye mteremko wa kwenda bwawa la Kiambere aliwahi kuukuta mzoga wa lori la Uganda. Dereva alishuka na gia kubwa, akakalia breki mpaka zikaungua. Mwenyeji hawezi kufanya hivyo, mwenyeji anajua barabara ile inavyodanganya: inainama kidogo, inanyooka, unadhani imekwisha, halafu inaanguka. Hakuna aliyemjua marehemu. Mutisya alikuwa akipita mochari kila siku, mpaka ndugu wa marehemu akafika kutoka Mbale kwa basi, amevaa gambuti kwa sababu habari ilimkuta shambani. "Namba ilikuwa imesema yote," Mutisya akasema. "Ilisema, mtu huyu hajui kilima chenu. Hakukuwa na wa kuisoma."

Mutisya alistaafu, akarudi kwao Makueni. Miaka kadhaa baadaye mimi nikahamishiwa Mbeere, nikapangwa Gachoka. Ni barabara ya pikapu za muguka, ile miraa ya majani, pikipiki, punda na vumbi. Madereva wa muguka wanakimbia kama wanafukuzwa, lakini kilima wanakijua kama ngazi za nyumbani. Niliokuwa nikiwaogopea ni wengine. Tangu simu zianze kuonyesha watu njia za mkato, magari yalianza kutokea Gachoka ambayo hayakuwa na sababu yoyote ya kuwa pale. Simu inajua umbali. Haijui breki.

Sasa niwaambie juu ya basi la kwaya.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali. Mwenzangu alikuwa ameondoka na gari la kituo kumpeleka mshukiwa mahakamani, mimi nimebaki peke yangu kwenye matuta. Nikasikia nyimbo kabla sijaona gari. Basi dogo jeupe lilikuja kutoka upande wa Embu, madirisha wazi, watu wamevaa vitenge vya buluu, wanaimba kwa sauti zote nne. Namba yake ilianza na T. Tanzania, Gachoka, linaelekea Kiambere. Lilipopanda tuta la kwanza, harufu ikanifikia, ile kali ya breki zilizoungua, kama nywele zilizoguswa na jiko.

Nilipunga mkono wasimame. Walidhani ninawasalimia. Kwaya nzima ikanipungia, dereva akapiga honi mara mbili kwa furaha, wakapita.

Nilisimama pale kama mtu aliyeachwa na gari lake mwenyewe. Nikawapigia wenzangu wa Kiritiri, kituo kinachofuata, simu ikaita mpaka ikakata. Nikamwona Njiru, mwendesha pikipiki wa pale stendi, shavu limejaa muguka. Nikapanda nyuma yake.

"Njiru, lifuate lile basi."

"La muguka?"

"La kwaya."

Akageuka kunitazama. "Kwaya imeiba nini, madam?"

"Washa, twende!"

Njiru aliendesha vizuri, hilo nitamshukuru daima, lakini ni barabara ndefu ukiwa unafikiri. Nilikuwa nafikiri nitasema nini nikilifikia. Sikuwa nimeona kosa lolote. Harufu si kosa. Na nyinyi mnajua, wala tusidanganyane, askari wa Kenya akisimamisha gari la kigeni, kila aliye ndani anajua tayari askari huyo anataka nini. Wengi wetu tumeipa nchi sababu ya kufikiri hivyo. Tulipita Kiritiri, tukaliona vumbi lake kwa mbali, likapotea kwenye kona, likaonekana tena. Kila lilipoteremka kidogo taa zake za nyuma zilikuwa nyekundu mfululizo. Dereva hakuwa anatoa mguu kwenye breki kabisa.

"Mpite," nikamwambia Njiru. "Kabla hajafika pale juu."

"Madam, pale ndipo tunafika."

Tulilipita kwenye kipande cha mwisho kilichonyooka. Nikageuka nyuma kwenye pikipiki, mikono yote miwili juu, napiga filimbi. Dereva alishtuka, akakanyaga. Basi lilichelewa kusimama. Lilikuja, likaja, nikaona nembo ya bampa inakua, kisha likasimama, likatoa moshi mdogo mweupe kwenye gurudumu la mbele. Lakini lilikuwa limeshavuka kilele. Pua yake ilikuwa imeinama. Mbele yake barabara ilikuwa inateremka kando ya ukingo uliochongwa wa mwamba na udongo mwekundu, na chini kabisa, baada ya kona, maji ya bwawa yalikuwa yanametameta.

Aliyeshuka wa kwanza hakuwa dereva. Alikuwa kiongozi wao, mwanamume wa makamo, miwani, suruali imepigwa pasi hata safarini. Alijitambulisha kuwa ni Mwalimu Kaaya. Walikuwa Wameru wa Tanzania, wa chini ya mlima wao kule Arusha, wamekuja kuwatembelea Wameru wa huku, kanisa kwa kanisa, kwa sababu ya jina tu. Sasa walikuwa wanaelekea Kitui, ambako walialikwa kuimba jioni ile.

"Shikamoo mama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka changu kikaona haya. "Naomba nifahamu tumekosa nini. Vibali vyote vipo. Bima ipo. Tumekaguliwa mpakani, tumekaguliwa Embu."

"Hamjakosa. Nataka watu washuke."

"Washuke kwa kosa gani?"

"Breki za hili gari zimechoka."

"Dereva wetu hajalalamika. Au kuna jambo jingine, mama? Sema tu, sisi ni watu wazima."

Nilijua jambo jingine ni lipi. Dirishani dada mmoja alikuwa ameshainua simu, ananirekodi. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Sitaki kitu chenu! Nataka mshuke! Shukeni wote, sasa hivi!" Ndivyo nilivyoonekana kwenye simu ile: mwanamke mnene wa sare, kidole juu, anawafokea waimbaji wa kanisa.

Walishuka wakinung'unika. Vijana wa kwaya, sita au saba hivi, walipoona tumeanza mabishano marefu walianza kuteremka barabarani kwa miguu kupiga picha za bwawa. Niliwaona wanaondoka. Niliita, mmoja akapunga mkono, wakaendelea. Njiru alikuwa ameanza kutafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu bila kuambiwa, nikaona nishughulike kwanza na gari.

Ndani alibaki bibi mmoja, Bibi Ndeshi, kwenye kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti. Walimleta kwa sababu ndiye aliyeanzisha kwaya hiyo.

"Mimi sishuki," akaniambia. "Goti hili limepanda gari mara moja leo. Halipandi tena."

"Bibi, nakuomba."

"Askari wamenishusha kwenye magari tangu enzi za Mwingereza. Wote walikuwa na sababu."

Njiru akachungulia mlangoni. "Cucu," akasema, ndiyo bibi kwa lugha ya kwao, akageuka akampa mgongo, akachuchumaa kwenye ngazi. "Panda hapa. Mimi nabeba magunia ya ndengu, wewe ni nini?" Bibi akautazama mgongo ule. Sijui ni nini kilichomfanya akubali. Labda hakuwahi kubembelezwa na mtu mwenye muguka mdomoni. Alimzungushia mikono shingoni, akashushwa, akakalishwa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara.

Dereva aliitwa Elibariki. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu. Wakati wote wa mabishano hakuwa amesema neno. Sasa alikuja karibu yangu, akainama kana kwamba anatazama tairi.

"Mama askari," akasema chini chini, "pedali inazama. Tangu tulipotoka Meru. Kila nikikanyaga inakwenda chini zaidi."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wanangojwa Kitui."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikamuuliza kwa nini hajazima. Akasema starta inasumbua, akizima itabidi lisukumwe. Kwa hiyo basi lile lilikuwa limeshikwa na breki ya mkono na mawe ya Njiru tu. Hata gia haikuwemo.

"Zima," nikamwambia. "Ingia uzime, uweke gia ya kwanza. Halafu ushuke, tutafute fundi Kiritiri. Litasukumwa, wasukumaji si hawa hapa?"

Akapanda. Nilimwona akikaa. Nilimsikia akikanyaga klachi. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa, na jiwe la gurudumu la mbele likapasuka katikati, breki ya mkono ikashindwa.

Basi lilijongea. Mwanzoni polepole sana, kiasi kwamba Mwalimu Kaaya aliweka kiganja kwenye bodi kulizuia, kama mtu anayemzuia ng'ombe. Njiru alitupa jiwe jingine mbele ya gurudumu, gurudumu likalipanda na kulipita.

"Ruka!" nilipiga kelele. "Elibariki, ruka!"

Mlango wake ulikuwa wazi. Mwendo ulikuwa bado wa mtu anayetembea. Angeweza kuruka, hata mimi ningeweza. Nilimwona ameshageuza mabega, mguu mmoja umetoka nje. Kisha akatazama mbele. Nami nikatazama alikotazama. Vijana wa kwaya walikuwa kule chini, kabla ya kona, katikati ya barabara, wametupa mgongo, wamesongamana kwa ajili ya picha, vitenge vya buluu vyote mahali pamoja.

Akarudisha mguu ndani.

Honi ilianza hapo, na haikukoma. Basi lilipita mbele yangu likiwa limeshapata mwendo, nikasikia gia zikisaga chuma kwa chuma, anajaribu kuiingiza, inakataa. Nilikimbia nyuma yake. Sijui nilikuwa nakimbilia nini. Mtu hukimbia tu. Kule chini wale vijana waligeuka, wakasimama kwanza, kama watu wanavyofanya, wanatazama gari lao wenyewe linawajia, labda wakidhani linakuja kuwachukua. Kisha mmoja akapiga yowe, wakatawanyika, wengine mtaroni, wengine juu ya ukingo. Msichana mmoja alianguka katikati ya barabara, akasimama, akaanguka tena.

Elibariki hakungoja kona. Alilibana basi kwenye ukuta wa mwamba. Nililiona linaulalia ubavu, vioo vinamwagika, vumbi jekundu linapanda kama moto, chuma kikilia kwa sauti ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye karakana natoka nje. Likajikwaruza hivyo, likapunguza mwendo, likapanda kidogo, likaanguka upande. Honi ikaendelea kulia likiwa limelala. Msichana alikuwa amelala pia, mbele yake, hajaguswa. Kati yake na bampa ungeweza kutandika mkeka, lakini wa watoto.

Nilifika nikiwa sina pumzi. Njiru alikuwa ameshanitangulia, amepanda juu ya ubavu wa basi, anavunja kioo kwa kofia yake ya pikipiki. Tulimtoa Elibariki kwa kupitia mbele. Mguu ulikuwa umegeuka visivyofaa, kifua kimepigwa na usukani, damu masikioni. Alikuwa anajaribu kusema. Nikaweka sikio.

"Wote?"

"Wote wako sawa."

"Hesabu."

Nikasimama pale barabarani, nikawahesabu watu kwa sauti ili asikie. Mwalimu Kaaya akaja akaanza kuita majina, kila aliyeitwa akaitika. Alipofika kwa Bibi Ndeshi aliita mara mbili, kwa kuwa alikuwa mbali kule juu kwenye jiwe lake. Lakini bibi akaitika, nasi tukamsikia.

Pikapu ya muguka iliyokuwa ikipita ndiyo iliyotubeba na Elibariki hadi Embu. Dereva wake alimwaga magunia kando ya barabara bila kuulizwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilimwomba dereva wa muguka aongeze mwendo.

Kabla hatujafika hospitali mkuu wa kituo alikuwa ameshanipigia. Ile video ilikuwa imeruka. Yule dada aliituma nilipokuwa bado nafoka, na kipande hicho ndicho kilichozunguka: askari wa Kenya anawanyanyasa wageni wa Mungu. Alipokuja kutuma maelezo ya yaliyofuata, watu walikuwa wameshashiba. Nilieleza ofisini, nikaeleza tena ofisi ya juu zaidi, Mwalimu Kaaya akaja mwenyewe kunitetea kwa Kiswahili chake kile, na mwishowe wakaniachia. Video haikuniachia. Hadi leo kuna mtu sokoni Embu akiniona anainua kidole na kusema, "Shukeni wote!" Namwambia ashuke yeye kwanza.

Ninawaambieni haya kwa sababu mtasimamisha gari siku moja bila kuwa na jina la kosa, na mtasikia aibu inawapanda shingoni, na simu zitainuliwa. Wasimamisheni. Halafu hakikisheni gari limezimwa kabla ya kubishana na mwalimu.

Nilimtembelea Elibariki kesho yake. Mguu ulikuwa umewekwa chuma, mbavu zimefungwa. Kwaya ilikuwa imelala ukumbi wa kanisa moja pale mjini, wakisubiri basi jingine, na asubuhi walikuwa wamemwimbia dirishani mpaka nesi akawaomba wapunguze. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

"Sikujua," nikasema. "Niliona tu kwamba umetoka mbali."

Alianza kucheka, mbavu zikamkataza. Akafumba macho. Kisha akasema simu yake ilivunjika, na mke wake hajui chochote, yeye si mtu wa mitandao. Anajua wako Kitui. Akanitajia namba, nikaibonyeza kwenye simu yangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa, kwa hiyo nikaishika mimi sikioni mwake.

Nilimsikia mwanamke anaitikia, mtoto akilia nyuma yake, sufuria ikigongwa.

"Nani? Elibariki? Kwa namba ya nani hiyo? Mmefika wapi?"

Alifungua mdomo. "Mama Glori," akasema. "Nipo."

"Najua upo. Nauliza mmefika wapi?"

"Nipo," akasema tena. Nadhani hapo ndipo mkewe alipoelewa kwamba Kitui hawakufika. Nilisikia sufuria imeacha kugongwa, na pumzi zao wawili, huku na kule. Nikageuza uso nikatazama ukuta, nikaiacha simu pale sikioni mwake mpaka mkono ukafa ganzi.